Wimbo Wanauweza, Daftarini Hakuna Kitu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mwalimu kijana anayefundisha darasa la tatu huko Handeni. Alianza na shikamoo, akaomba radhi kwa kunisumbua, kisha akaandika: "Wanafunzi wangu wanaimba nyimbo za Kiingereza mpaka wapita njia wanasimama dirishani. Nikiwapa zoezi, wote wanaandika he go, she go, it go. Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nimechelewa kumjibu kwa sababu swali lake lilinirudisha mahali nisipopenda kurudi.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na darasa la nne katika shule ya serikali, watoto 94 chumba kimoja, kitabu kimoja wakigombea watoto sita. Nilichokuwa nacho tele ni chaki na sauti za watoto. Basi nikatunga wimbo, I go, you go, he goes, she goes, nikautia mahadhi ya mchakamchaka: kiongozi anatoa, wengine wanaitikia. Ndani ya siku mbili shule nzima ilikuwa inauimba. Wasichana waliuimba wakiruka kamba, wavulana waliuimba wakibeba maji. Hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa nao. Nilitembea kifua mbele, sitaficha.

Wakaja wageni kukagua ufundishaji. Nikawaimbisha watoto, chumba kikatikisika, mgeni mmoja akapiga makofi. Kisha akamgeukia binti aliyekaa mbele, mwimbaji wangu bora, akamwuliza baba yake hufanya nini asubuhi. Kimya. Mgeni akamsaidia, akamwanzia: "He..." Yule mtoto akafumba macho, akaanza chinichini: I go, you go, he goes... Aliuanza wimbo tangu mwanzo! Hakuweza kuifikia goes bila kupitia mlangoni pa I go. Darasa likacheka, mtoto akalia, mgeni akaandika kwenye karatasi yake.

Jioni ile ofisini, mbele ya walimu wenzangu wote, mkuu wangu wa wakati huo aliniambia, "Mwalimu, hapa tunafundisha, hatuna ukumbi wa taarabu." Hakuna aliyenitetea. Maneno yale bado yananiuma, na hadi alipohama hakuwahi kuyafuta. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yule binti hakunyosha tena kidole muhula mzima.

Nikaacha nyimbo. Nikarudi kwenye jedwali ubaoni na watoto wakanakili. Matokeo ya muhula hayakupanda hata kidogo, na furaha ikaondoka pia.

Aliyenifungua macho ni marehemu mjomba wangu wa Pangani, ambaye Kiingereza hakukijua kabisa. Mjomba alisoma chuo cha Kurani enzi zake, na sarufi ya Kiarabu aliisoma kwa Alfiyya ya Ibn Malik, yule mwanachuoni aliyefariki Damascus mwaka 1274. Ni sarufi nzima iliyopangwa katika beti zipatazo elfu moja, na wanafunzi wa pwani yetu wameihifadhi kwa vizazi. Yaani kufundisha sarufi kwa mashairi ni jambo tulilonalo nyumbani, halikuja na runinga wala simu. Nilimwuliza mjomba kanuni moja kwa kumjaribu tu. Akanitolea ubeti mmoja, wa katikati kabisa, bila kuanza mwanzo. Nikamwuliza amewezaje. Akasema wakishahifadhi, shehe wao hakuwaruhusu tena kusoma kwa mpangilio. "Alikuwa anatutupia neno, sisi tunamrudishia ubeti. Ukianza mwanzo, unakaa chini."

Nililala nikiliwaza hilo. Kuimba si kosa. Kosa langu lilikuwa kuuacha wimbo mzima mzima, kama nazi isiyovunjwa. Wimbo uvunjwe! Mtoto aweze kuuingia katikati, mwishoni, popote atakapotupiwa neno.

Sasa tuangalie kwa nini hii s ya mwishoni mwa goes inawatesa watoto wetu kuliko mengine, maana walimu wengi tunawaita wazembe bure. Mtoto wa Kiswahili amezoea kuitafuta nafsi mwanzoni mwa kitenzi: ninakula, unakula, anakula, tunakula. Kila nafsi ina alama yake, na alama iko kichwani pa neno. Kiingereza kimefuta zote hizo, kikabakiza alama moja tu, tena mkiani: he eats. Mtoto anachungulia mlango wa mbele, mgeni ameingia kwa mlango wa nyuma. Halafu maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo ile s ya mwisho ama inadondoka, ama inaongezewa irabu, eats ikawa itsi na goes ikawa gozi. Na wimbo wangu wa kwanza ulizidisha ugonjwa huo! Mahadhi yalitaka irabu ndefu mwishoni, nami nikawaachia waimbe goziii kwa furaha. Niliwafundisha kosa kwa sauti tamu, na kosa lililoimbwa ni gumu kung'oa.

Nikatunga upya. Mstari wa kwanza nikaufanya he eats ugali, kwa sababu neno linalofuata limeanza na irabu. S ikikutana na u inashikana nayo, na ulimi wa mtoto unapita bila kujikwaa. She eats ugali, it eats ugali, kisha eats embe, eats asali. Kiingereza safi kingetaka embe liitwe mango, najua. Hilo litakuja baadaye, kwanza mkia ukae.

Kiitikio nikakitunga kwa Kiswahili:

I na You na We na They, mikono mitupu!
He na She na It, wamebeba S!

Wakifika kwenye wamebeba, kila mtoto anaweka mkono kichwani kama aliyejitwika ndoo. Siku tatu tu tuliuimba kwa mpangilio. Siku ya nne nikafanya kama shehe wa mjomba: natupa neno. Nasema They, wanaitikia eat. Nasema Mama, kimya kidogo, kisha mikono inapanda vichwani: eats. Natupa Juma and Asha, mikono inashuka. Natupa kitenzi kingine, drinks, washes, plays. Anayeanza mwanzo wa wimbo anasubiri zamu ijayo. Dakika kumi kila siku, hakuna zaidi.

Ugumu mwingine ni does. Tukaongeza ubeti: Does ameshabeba, kitenzi kipumzike! Does she eat? Mkono unapanda kwa does na kushuka kwa eat. Huo ubeti mmoja ulinitolea kosa la does she eats ambalo nilikuwa nalisahihisha kwa wino mwekundu mwaka baada ya mwaka.

Na hapa nataka nisimulie kisa kimoja. Mvulana mmoja wa darasa lile, mkimya, alikuwa foleni ya bomba na mwenzake akijaribu Kiingereza. Nilikuwa nyuma yao, hawakujua kama nipo. Akasema, "She doesn't has..." akanyamaza. Mkono wake ukapanda kichwani, ukashuka. "Doesn't have," akasema, akaendelea na habari zake za ndoo iliyotoboka. Hakuimba hata neno. Wimbo ulikuwa umekwisha na sarufi imebaki. Nilikwenda nyuma ya darasa nikafuta machozi.

Kwa hiyo wazazi mnaoniletea watoto na kusema huyu anajua Kiingereza, anaimba nyimbo ishirini za kwenye simu, nawasihi: zima simu, mwulize swali kutoka katikati ya wimbo. Asipojibu, hajajua, amekariri. Mkalishe, uvunjeni wimbo pamoja. Na wakuu wa shule, tafadhali, mkisikia kelele darasani chunguzeni kwanza. Watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linawageukia kwa Kiingereza, fizikia na jiografia kwa pamoja. Mtoto anaingia huko bila kujua does na mnataka anyamaze?

Walimu wenzangu, msitunge nyimbo ndefu. Wimbo mmoja, kanuni moja. Vitenzi vya wakati uliopita msivimwage vyote sitini kwa mkupuo. Viko vinavyokwenda kwa familia na vinajiimba vyenyewe: sing sang sung, ring rang rung, drink drank drunk, swim swam swum. Viko visivyobadilika, put, cut, hit, shut, hivyo ni kiitikio tayari. Na vyote vivunjwe. Toa sang, wakupe sing. Toa drunk, wakupe drink. Nimeshasema, narudia, vivunjwe.

Mwanangu wa Handeni, hujakosea kuimba. Jumatatu usiwafundishe wimbo mpya. Chukua huohuo wanaoupenda, waimbishe mara moja, kisha nyamaza katikati ya mstari umnyoshee kidole mtoto wa dawati la nyuma kabisa. Usimwanzie. Hesabu moyoni mpaka tano. Akishindwa, darasa zima limpe lile neno moja tu, naye alirudie, kisha umrudie tena kabla ya kengele. Jumanne fanya hivyohivyo kwa mwingine. Ijumaa wape zoezi la daftari, sentensi tano, unitumie picha nione.