Chipu ishawekwa, CD bado inagoma: nawajibu

Wiki hii meseji ni za PS2 tu, ile mashine ya gemu ya PlayStation 2, nadhani hela ya korosho imeingia na kila mtu anataka kufungua banda la gemu. Haya twende.

Shikamoo fundi, niko Masasi. PS2 slim, ile nyembamba, nimewekewa chipu, nikiweka CD ya kuchoma inaleta skrini nyekundu inadai CD ya PlayStation. Aliyeniwekea anasema chipu mbovu ninunue nyingine.

Marahaba mdogo wangu. Usitoe hela kwanza, azima CD orijino hata kwa jirani uiweke. Ikiingia orijino ila ya kuchoma ikagoma, hapo ni chipu au waya zake. Zikigoma zote mbili hilo ni jicho, yaani lenzi inayosoma CD, na chipu haitibu jicho, yenyewe kazi yake kuidanganya mashine kwamba CD ni halali, sasa kama mashine haioni CD kabisa itamdanganya nani? Mtihani huu ulitakiwa ufanyike kabla hata ya kufungua skrubu, lakini mafundi wetu wengi haraka tu.

Sasa tuseme orijino inaingia. Usikimbilie kubadili chipu, mara nyingi chipu ni nzima ila imechomelewa ovyo. Juzi nimeletewa moja ya hapa Ligula, Mtwara, hali hiyohiyo, nikatoa umeme nikashika mita nikapima waya mmoja mmoja kutoka kwenye chipu hadi kwenye bodi, nyingine zote mita inalia, mmoja kimya. Nikauinamia na kioo cha kukuzia, kumbe risasi ya kuchomelea imekaa juu ya pointi kama tone la maji kwenye jani la mgomba, inang'aa vizuri tu ila haijashika. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikapaka flaksi, ile dawa ya kufanya risasi ishike, nikapasha pointi yenyewe kwanza ndo risasi ikafuata, dakika tano gemu ikaingia. Na waya aliuacha mrefu umejikunja kama tambi, hizo zikate ziwe fupi, waya mrefu unaokota makelele ya umeme na chipu inakuwa leo inakubali kesho inakataa. Angalia pia kama risasi ya pointi mbili haijaungana, hiyo ndo unawasha taa ya kijani inakuja halafu inazima yenyewe.

Fundi mimi wa Lindi mjini, nimeagiza lenzi mpya Kariakoo, nimefunga, CD haizunguki wala nini. Nimepigwa?

Inawezekana, ila kwanza itoe uangalie kwenye kibodi chake kidogo, lenzi mpya nyingi zinakuja na katone ka risasi kamewekwa makusudi kuikinga na umeme tuli wa mikononi. Kasipotolewa jicho haliwaki. Katoe kwa pasi ya kuchomelea yenye ncha ndogo, gusa na kutoka, usikae hapo. Ule utepe unaounganisha lenzi na bodi nao uingize unyooke, ukikaa upande ni yaleyale.

Kaka, gemu za Marekani zinaingia ila picha haina rangi. Nachingwea.

Chipu yako nzima kabisa hiyo. Gemu za Marekani ni za mfumo wa rangi wa NTSC, TV yako imekaa kwenye mfumo mwingine, PAL. Ingia menyu ya TV, sehemu ya mfumo wa rangi, weka otomatiki. Kama ni kichogo cha kale kisichojua NTSC, badili TV.

Mimi mama wa Mikindani, mwanangu kaletewa PS2 kutoka Japani, nichomeke tu?

Shikamoo mama, hapana usichomeke! Japani umeme wao ni volti 100, wetu 230. Kama ni lile kubwa nunua transfoma ya kushusha. Kama ni slim yenye adapta ya nje soma nyuma ya adapta, ikiwa imeandikwa 100-240 haina shida, isipoandikwa hivyo tafuta nyingine ya volti 8.5. Na usiiweke dirishani, upepo wa bahari huo, bodi zinaota kijani.

Hakuna njia bila kuchomelea chipu?

Ipo, memori kadi yenye Free McBoot, programu ya kuifungua mashine bila chipu, unachomeka tu. Inagoma kwenye slim za mwisho za modeli namba 90000 zilizotoka baadaye, nyingine freshi. Mimi slim za mwanzo, zile 70000, sizichipu tena, zimeniunguzia majicho.

Wewe wa Newala uliyetuma picha ya bodi, piga tena mchana, nimeona giza na kidole.