Matairi ya misimu yote kwa GLE

Swali: Naishi Hamburg, nina Mercedes GLE inayovuta magurudumu yote manne. Nimechoka kubadilisha matairi kila Oktoba. Nifunge ya misimu yote?

Jibu: Kwa Hamburg yanatosha; ukipanda Alpi kila msimu wa baridi, baki na seti mbili. Ubavuni tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji. Tangu Oktoba 2024, alama ya M+S (tope na theluji) peke yake haikubaliki Ujerumani kwenye theluji au barafu. Namba ya uzito ambao tairi linabeba usiishushe: 113 ni kilo 1,150 kwa tairi. Badilisha yote manne kwa mpigo. Mapya yakichanganywa na yaliyolika, mfumo wa kugawa nguvu huumia. Sheria inaruhusu kina cha mifereji ya tairi kisichopungua milimita 1.6, lakini chini ya 4 kwenye theluji ni vipara tu.