Jalidi ya Mei kwenye stroberi

Ndugu, umeuliza utajuaje kama jalidi (baridi ya usiku inayogandisha umande) imeua maua ya stroberi kwenye shamba dogo la Michigan, Marekani, na uyakinge vipi: ua jeupe likiwa na kitovu cheusi, limekufa. Petali huweza kubaki safi kabisa, ndiyo maana wengi hudanganyika. Kitovu kikiungua upande mmoja, tunda litatoka kombo.

Ua lililofunguka hufa karibu na nyuzi 1 chini ya sifuri (Selsiasi), tunda changa la kijani nyuzi 2. Kitumba kilichofumba bado huvumilia hadi nyuzi 5 hivi. Hasara kubwa ni ua la kwanza la kila kikonyo, kwa sababu hilo ndilo huzaa tunda kubwa kuliko yote. Ya baadaye hupona, lakini matunda yake ni madogo.

Pima joto kwenye kimo cha maua, si ukutani mwa nyumba. Usiku mtulivu usio na mawingu, chini huwa baridi zaidi.

Kitambaa chepesi cha kufunikia, gramu 30 hadi 50 kwa mita ya mraba, kitandaze alasiri udongo ukiwa bado na joto. Ukisubiri giza, unafunika baridi.

Ukitumia maji ya kunyunyiza, anza kabla ya sifuri, milimita 3 kwa saa, na usizime hadi barafu iyeyuke yenyewe. Kuzima katikati ni kubaya kuliko kutoanza: maji yanapokauka huinyang'anya mimea joto. Usiku wa upepo, usianze kabisa kunyunyiza.