Jibu: Kwa nini tarakimu hujumlishwa kwa 3 lakini si kwa 4

Ndugu, umeuliza namna ya kumweleza mtoto kwa nini kujumlisha tarakimu za namba, ili kujua kama namba hiyo hugawanyika bila baki, hufaa kwa 3 na hakufai kwa 4. Mwandikie 252, kisha mwonyeshe kwamba kila mia ni 99 na 1, na kila kumi ni 9 na 1. Kwa kuwa 99 na 9 hugawanyika kwa 3 bila baki, kinachosalia kupimwa ni 2 + 5 + 2, yaani 9. Kwa 4 hutazamwa tarakimu mbili za mwisho tu, hapa 52, kwa sababu 100 yenyewe hugawanyika kwa 4. Kanuni ya kupima kama namba hugawanyika kwa 7 mimi huiacha: kugawanya moja kwa moja ni rahisi zaidi.