Land Rover 109 imelala nyuma upande wa dereva: fungua bushi kwanza kabla hujaongeza pleti

Salama wakuu. Mkuu ulieuliza kuhusu 109 yako hapo Lindi, kwamba nyuma imelala upande wa dereva na fundi kakwambia dawa yake ni kuongeza pleti moja kwenye springi, subiri kwanza usimpe hela. Mi nilipita njia hiyohiyo, nikaongeza pleti, gari ikawa inaruka kama mkokoteni na bado imelala vilevile, kumbe nusu ya shida ilikua kwenye bushi, zile mpira za kwenye ncha za springi, na hakuna aliyezigusa.

Yangu ni Series III pikapu, aliiacha marehemu mzee, alikua anabebea chumvi huku Mikindani na msimu wa korosho anapanda nayo Newala. Sasa chukua chumvi ya kwenye magunia yanayovuja, jumlisha upepo wa bahari usiku kucha, miaka na miaka. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kwaiyo haikuumia sana, ila chesisi ni chuma na vyote vilivyofungwa chini yake ni chuma, huko ndo kutu ilipojenga nyumba.

Kabla ya yote ujue springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria sio moja, ya dereva imepinda zaidi toka kiwandani kwa sababu upande ule ndo unabeba uzito zaidi. Watu wengi hawajui hili, wakishusha zote mbili wanarudisha yoyote popote. Mi nilipozilaza kwenye sakafu nikakuta iliyotoka kulia imelala kuliko ya kushoto, tofauti kama vidole viwili, nikazigeuza tu pande na nusu ya tatizo ikaisha bila kununua kitu.

Kutoa: piga jeki, weka stendi chini ya chesisi, sio chini ya difu, na sio matofali tafadhali, tofali linapasuka ghafla na hiyo gari ni nzito. Alafu jeki nyingine iishike ekseli. Fanya upande mmoja mmoja, maana kwenye hizi gari kinachoishikilia ekseli mahali pake ni springi zenyewe, ukitoa zote kwa pamoja ekseli inahama na utaisukuma mpaka jioni. Angalia pia ile hozi ya breki isije ikabeba uzito. Shokapu toa, U-bolti (zinazobana springi kwenye ekseli) toa na usiwaze kuzirudisha, nunua mpya, za zamani uzi wake ushavutika. Spana ni za inchi, ukilazimisha za milimita utaviringisha vichwa vyote.

Hapo sasa ndo kazi inaanza. Kila springi ina bushi tatu, moja jicho la mbele (tundu la ncha ya springi), moja jicho la nyuma, na ya tatu iko ndani ya chesisi pale inaponing'inia shakeli, yaani zile pleti mbili zinazounganisha jicho la nyuma na chesisi. Bushi hizi ni kidude cha mpira katikati ya mirija miwili ya chuma, na bolti inapita kwenye mrija wa ndani. Kwetu huku pwani bolti na ule mrija wa ndani vinashikana kwa kutu vinakua kitu kimoja, unafungua nati vizuri kabisa unafurahi, alafu bolti haitoki, ukiipiga inarudi na mpira kama ngoma. Kumbuka pia pleti moja ya shakeli ina uzi, bolti inaingia kwa kuzungushwa sio kwa kupigwa, usije ukapiga nyundo tu ukaua uzi.

Nilizilowanisha kwa dizeli siku tatu, asubuhi na jioni. Mbili zikakubali, nne zikagoma. Fundi akaleta mtungi wa gesi achome, nikamkatalia, tanki la petroli liko jirani na mpira ukiungua unatoa moshi mchafu sana. Tulichofanya mi na mpwa wangu ni kupitisha bledi ya msumeno wa chuma kwenye ule upenyo kati ya pleti ya shakeli na jicho, tukakata bolti pande zote mbili. Inachukua muda, bolti moja ilitula karibu saa nzima na bledi mbili za msumeno, ila hakuna kilichoharibika.

Bushi ya ndani ya chesisi ndo baba lao. Toboa mpira kwa drili mpaka mrija wa ndani utoke, utabaki mrija wa nje umeganda. Pitisha bledi ya msumeno kwenye tundu, uifunge tena kwenye fremu yake ikiwa ndani, ukate mrija kwa urefu taratibu. Utaona unga wa kutu mwekundu unamwagika, ukianza kuona unga unaong'aa mweupe simama hapohapo, hicho ni chuma kizima na ukizidisha unakata chesisi. Alafu tindo ndogo, unaukunja kwa ndani unatoka. Bushi mpya usiigonge kwa nyundo, ivute kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, inaingia imenyooka.

Pleti: zibane na klempu kabla hujafungua senta bolti, ile ya katikati inayozishika pamoja, zikifyatuka zinavunja mkono. Weka alama za mpangilio. Sugua kwa brashi ya waya, angalia nyufa karibu na tundu la senta bolti, na pale ncha ya pleti ya chini ilipochimba ya juu yake. Ncha zilainishe kwa grenda, piga redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu), paka grisi ya grafaiti katikati. Mtu akikwambia azitie motoni azikunje upya mkimbie, yangu moja iliwahi kufanyiwa hivyo, ikarudi imesimama vizuri na ndani ya mwezi ikalala chini kuliko mwanzo, moto unaua ugumu wa chuma. Na oili chafu msimwagie springi jamani, inakula mpira wa bushi.

Sasa hili naomba ulishike kuliko yote. Ukifunga, bolti za shakeli na za macho zikaze kwa mkono tu. Shusha gari chini, matairi yabebe uzito, itikise, isogeze mbele na nyuma, ndipo ukaze kabisa. Ule mrija wa ndani ukishabanwa hauzunguki, kinachojipinda ni mpira peke yake. Ukikaza gari ikiwa juu ya stendi, ukishusha tu mpira unakua umeshasokoteka, unasukuma gari vibaya na unachanika mapema. Mi zangu za kwanza zilifungwa hewani zikachanika ndani ya msimu mmoja, hizi za sasa zimepanda Newala na mzigo na zimetulia. U-bolti kaza kwa msalaba, ukitembea kilomita mia tatu hivi rudia kuzikaza.

Leo jioni paki sehemu tambarare bila mzigo, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi pande zote mbili, alafu legeza bolti za shakeli gari ikiwa chini na upime tena. Niandikie hapa namba zote nne, na kama una picha ya shakeli weka.