Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayoanza kwa Mbio na Kumaliza kwa Kukokota

SWALI: Mhariri, as-salaam alaykum. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Lamu, na kazi ya kuhariri naifanya nyumbani kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i7-8700, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ninapoanza kuitoa video iliyokwisha kuhaririwa, Windows huonyesha mwendo wa gigahezi 4.3, kabla dakika haijatimia hushuka hadi 3.7, na baada ya robo saa hufika 2.4, huku feni ikivuma kama mashine ya boti. Usiku wa manane hali huwa afadhali. Shemeji yangu aliyeko Limuru ana kompyuta ya aina hiyo hiyo na halalamiki. Fundi mmoja ameniambia umeme wetu ni mdogo, na mwingine akasema prosesa imechoka, ninunue nyingine. Nimeiweka ndani ya shubaka la ukutani na kuifunika kwa pazia, isiingie vumbi. Nifanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, ndugu msomaji. Umefanya jambo ambalo wengi wanaotuandikia hawalifanyi, nalo ni kutazama saa. Na saa hiyo ndiyo inayotuonyesha kwamba kompyuta yako hupungua mwendo mara mbili kwa sababu mbili mbalimbali, ya kwanza ikiwa ni desturi yake na ya pili ndiyo maradhi.

Tuanze na desturi. Prosesa hiyo imepangiwa na Intel mwendo wa msingi wa gigahezi 3.2 na kiwango cha wati 65 kwa kazi ya muda mrefu. Kazi nzito inapoanza, huruhusiwa kukivuka kiwango hicho kwa muda mfupi, ambao katika kompyuta nyingi zinazofuata kipimo cha Intel huwa kama sekunde 28, na ndiyo maana viini vyake sita, yaani sehemu zake zinazopiga hesabu, hukimbia vyote kwa 4.3. Muda huo ukiisha, hurudishwa kwenye wati 65, na mwendo hushuka mpaka pale ambapo wati hizo zinatosha. Kwa hiyo 3.7 yako si kasoro, na naamini hata shemeji yako angeiona lau angechungulia.

Upungufu wa pili ndio wa kushughulikiwa, kwa sababu 2.4 iko chini ya mwendo wa msingi. Prosesa hii ikifikia nyuzi joto 100 za Selsiasi hujilinda, ikapunguza mapigo yake, yaani ule mwendo wa gigahezi, na pamoja nayo volteji inayotumia. Joto linalozalishwa huenda sambamba na mapigo, lakini kwa upande wa volteji hufuata mraba wake, yaani volteji ikipungua kwa sehemu moja katika kumi, joto hupungua kwa karibu sehemu mbili. Ndiyo maana kupunguza vyote viwili kwa pamoja hupoza upesi. Kinga ya namna hii si ngeni, kwani Pentium 4 iliyotoka mwaka 2000 ilikuwa nayo tayari. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, kompyuta huzima ghafla.

Mafundi wako wote wawili, kwa heshima zao, wamekosea. Umeme ukipungua mno, kompyuta huzima au hujiwasha upya, haikokoti kwa robo saa. Prosesa nayo si punda wa kubeba mawe ya ujenzi hata ichoke ifikapo saa za mchana; ikichakaa kweli, dalili zake ni makosa na kukwama, wala haipati nafuu usiku wa manane kama yako.

Nafuu hiyo ya usiku, pamoja na habari ya Limuru, ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara mbili. Kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza ni kuzuia tofauti kati ya viwili hivyo isiwe kubwa, na kwa kazi ile ile tofauti hiyo haibadiliki sana. Tuseme kwako ni nyuzi 60. Chumba cha Limuru kikiwa na nyuzi 18, prosesa itakaa kwenye 78 na itafanya kazi mpaka asubuhi. Chumba cha Lamu wakati wa kaskazi, saa nane za mchana, kikiwa na nyuzi 33, itakaa kwenye 93, ambapo bado inavumilia. Lakini kompyuta yako haivuti hewa ya chumba. Inavuta hewa ya shubaka, na hewa ya moto inayoitoa nyuma hugonga ukuta, ikazuiliwa na pazia, kisha ikavutwa tena kwa mbele. Hewa hiyo ikifika nyuzi 42 tu, hesabu imekwisha pita 100. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hutupoza sisi watu, ila shubaka halina tundu la kutolea joto.

Basi jambo la kwanza halina gharama: itoe kompyuta shubakani, iweke juu ya meza pasipo pazia, uache nafasi ya shibiri moja nyuma yake, kisha uitoe video ile ile. Weka programu ya bure kama HWiNFO ikuonyeshe joto, mwendo, na kama kiini chochote kimepunguzwa kwa sababu ya joto. Mwendo ukibaki juu ya 3.2, umemaliza. Ukishuka tena ilhali joto la prosesa halijafika 90, tatizo huenda liko kwenye sehemu za ubao mama (ubao mkuu uliobeba prosesa) zinazoilisha prosesa umeme, ambazo nazo huchemka na zina kinga yao.

Joto likiendelea kugonga 100, fungua ubavu. Vumbi la kwetu lina chokaa na unyevu wa bahari, hukandamana katikati ya mapezi ya kipoza joto likawa kama udongo, na blowa peke yake hailing'oi. Tumia brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa, na uishike feni kwa kidole isizunguke. Kagua pia miguu minne ya plastiki ya kile kipoza joto cha Intel, kwani mmoja ukiwa haukukaza, kinakaa upande na hakigusi sawasawa. Mwisho ni pesti ya kupitishia joto iliyo kati ya kipoza joto na prosesa. Baada ya miaka kadhaa hukauka. Ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kuijaza kama siagi kwenye mkate hakusaidii.

Neno la pembeni: prosesa yako ina sehemu ya picha inayoweza kuitoa video bila kuvichosha viini vyote sita. Tafuta katika programu yako ya kuhariri mahali pa kuchagua Quick Sync.

SWALI: Yangu hupunguza mwendo vivyo hivyo. Je, naweza kuiacha wazi ubavuni na kuielekezea feni ya mezani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kwa majaribio, ndiyo, tena ni jaribio zuri: joto likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, ujue shida ni mzunguko wa hewa ndani ya kasha, na feni moja ya nyuma itakutosha. Kuiacha hivyo daima sikushauri. Upepo wa kusi huleta chumvi, na mjusi wa ukutani akishapajua mahali penye joto, hahami.