Mnauliza, Tunajibu: Picha Pana ya Kivukoni, Kamera Mkononi

SWALI: Nilivuka na pantoni hadi Kigamboni, nikapiga picha sita za mji kuanzia Soko la Feri hadi maghorofa ya Posta. Nilipoziunganisha kwenye kompyuta ziwe picha moja pana, maghorofa yameungana safi, ila ukingo wa chuma uliokuwa mbele yangu umekatika mara tatu. Ninunue stendi ya kamera? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Usinunue bado, ndugu. Ulipogeuka, uliinyoosha mikono na kamera ikachora duara kukuzunguka, kwa hiyo kila picha ilipigwa kutoka mahali pengine kidogo. Ghorofa lililo ng'ambo ya maji haliathiriki na sentimita 30 ambazo kamera imehama. Ukingo ulio mita moja unahama kabisa, na hakuna programu itakayouficha.

Sogea mpaka ukingo utoke kwenye fremu. Bana viwiko kifuani, kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi, kisha mwili ndio uizunguke lenzi. Elekeza miguu kule utakakomalizia, jipinde kiuno uanzie upande wa pili. Utamalizia ukiwa umetulia badala ya kuyumba.

Shika kamera wima. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa kama filamu ya milimita 35) ikishikwa hivyo huona takriban digrii 27 kwa upana. Ukirudia theluthi moja ya kila picha, nusu duara hutaka picha 10. Weka kamera kwenye M (unapanga mwanga mwenyewe), anzia ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (tundu la lenzi) na 1/250 (kasi, sehemu ya sekunde), na upime mwanga pale penye mwanga mkali zaidi. Rangi iweke kwenye alama ya jua, fokasi iwe moja tu, kisha uifunge. Ukiacha otomatiki, anga litatoka na mabaka. Kichujio cha kupunguza mng'ao kivue, maana hulitia anga weusi upande mmoja.

Mstari wa maji uwe katikati ya fremu. Ukiinua lenzi juu, mstari huo unapinda kama upinde.

Nenda asubuhi, saa 1 hadi saa 2, jua likiwa mgongoni. Jioni jua huzama nyuma ya mji, ukapata vivuli tu. Ikulu, bandari na kambi za jeshi ziache. Hapo hoja si ufundi tena.

SWALI: Pantoni imetokea mara mbili! (Msomaji, Ilala)

JIBU: Ilitembea wakati unageuka. Piga safu nzima ndani ya sekunde 10, kisha ongeza picha moja ya pantoni ikiwa nzima. Kwenye Hugin, programu ya bure, funika pantoni zisizotakiwa. Futa pia alama za kuunganishia zilizodondokea kwenye mawimbi: maji hayakai mahali pamoja, nazo huipinda picha nzima.

SWALI: Simu inafaa? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Inafaa. Funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza ghorofa kwa muda, kisha piga picha mojamoja. Ile panorama ya simu hukatakata majahazi.